Upepo wa Mgongoni

Krijn Wondergem alikuwa hawezi kutoka mezani akafika mlangoni bila miguu kumgandia, lakini mpandishe baiskeli, uone mambo.

Ndivyo ulivyo ule ugonjwa wa kutetemeka. Unamnyang'anya mtu miguu sakafuni, halafu unamrudishia akiwa juu ya pedeli. Jikoni alikuwa anafika penye kizingiti anasimama kama aliyeona shimo. Mkewe Leuntje anamhesabia, "Moja, mbili, twende!" Wapi! Miguu imekataa. Lakini akishikwa kiunoni, akapandishwa kwenye tandiko na kusukumwa kidogo, huyooo, ameshalipita kanisa, mgongo umenyooka, anawaamkia watu kwa kuinua kidole kimoja kama alivyofanya tangu ujana wake. Watu wa Zoutelande, kijiji chetu cha pwani, walimtazama wakatikisa vichwa. Wapo waliosema anajitia ugonjwa ili ale posho ya serikali. Binadamu hatuna dogo.

Tabu ilikuwa kusimama. Baiskeli ikisimama sharti mtu aweke mguu chini, na mguu wa Krijn ukigusa ardhi unakufa palepale. Kwa hiyo Leuntje alibuni njia yake. Anatangulia, anashuka, anageuka, anapanua mikono. Krijn anakuja polepole, mke anaudaka usukani, mume anauweka mguu juu ya ngazi au benchi au kijiukuta chochote kilichoinuka, ndipo anateremshwa. Wenyewe waliita kupokelewa. "Nipokee, bibi wee, mzigo wako huo umefika!" Krijn alikuwa akisema, na Leuntje anajibu kwamba mzigo wenyewe umeoza, atawarudishia wenyewe. Watu wa miaka sabini na kitu, na bado wanataniana.

Mwaka ule, baridi ilipokuwa haijaisha, walipigiwa simu kwamba nafasi imepatikana katika nyumba ya kutunzia wagonjwa huko Middelburg. Krijn angehamia mwezi wa Septemba. Leuntje ndiye aliyeomba nafasi hiyo, kwa sababu mara mbili mume alimwangukia bafuni, na mara ya pili wakakaa chini wote wawili kwenye maji mpaka jirani aliposikia. Hakuwa na njia nyingine. Lakini siku alipopokea ile simu alijifungia chooni akalia, maana alijua kule hakuna baiskeli. Kule mtu huwekwa kitini.

Akaapa moyoni kwamba kabla ya Septemba lazima waendeshe ufukwe kwa mara ya mwisho. Iwe isiwe.

Ufukwe ulikuwa wao. Tangu walipooana, kila Juni kaka yake Krijn aliwapakia na baiskeli zao kwenye lori la viazi, akawashusha mbali huko kaskazini, nao wakarudi kusini kwa kuendesha, bahari iko kuliani mpaka mlangoni kwao. Watu waliwacheka, maana upepo wetu huku unatoka kusini-magharibi, na kurudi kusini ni kuula upepo usoni safari nzima. Krijn hakujali. Alikuwa fundi wa kupanga mawe kwenye matuta ya kuzuia bahari, mtu wa viganja vipana kama sinia, na upepo wa mbele ulimpa kazi aliyoipenda kuliko zote. Huku kwetu mume hamsifu mkewe mbele za watu, na maua ananunua akikumbuka. Lakini upepo ukikaza, anaendesha ubavuni mwa mkewe, mkono mmoja kwenye usukani, na kiganja cha pili anakitia mgongoni mwa mke, chini kidogo ya mabega, anamsukuma. Wanaweza kwenda hivyo kutoka mji hadi mji. Leuntje alikijua kile kiganja kuliko alivyokijua chochote katika ndoa yake.

Wenzao wote wa rika lao walikuwa wameshahamia baiskeli za umeme. Krijn alikatazwa na mtaalamu wa viungo, kwamba mota inasukuma hata miguu ikigoma. Leuntje yeye alikataa mwenyewe. Zamani, kabla ya ugonjwa, alipotamani moja dukani, Krijn alimwambia, "Nunua. Mashine hiyo itanifukuza kazi." Leuntje akairudisha pochi mkobani.

Basi mwezi wa Machi, mvua ya mawe inapiga dirisha, Leuntje akatandaza ramani mezani, akaweka kahawa na andazi la mdalasini lililokatwa vipande vidogo, maana Krijn kumeza nako kulishakuwa kazi.

"Tunaanzia wapi?" Krijn akauliza. Sauti yake siku hizo ilishuka mpaka umsogelee.

"Hapa mlangoni. Tunakwenda kaskazini, siku tatu, kidogo kidogo. Westkapelle, Domburg, tunavuka yale matuta makubwa mpaka Ouddorp. Tanneke anakuja kutuchukua na gari." Tanneke ni binti yao, mtoto wao wa pekee.

Krijn akaiangalia ramani. Uso wake ulikuwa umeshakakamaa, hauonyeshi hasira wala kicheko. Macho tu ndiyo yaliyobaki na kazi.

"Huko ni kukimbia nyumbani," akasema.

"Huko ni kwenda na akili, mzee wangu. Upepo utakuwa mgongoni, unatubeba kama watoto."

"Na mkono wangu?"

"Mkono wako upumzike."

"Septemba mnakwenda kuniweka kitini. Utapumzika mpaka uote kuvu." Akavuta pumzi. "Leuntje. Upepo ukikaa mgongoni kwako, mimi nitakaa wapi?"

Leuntje akacheka, akajitia anatafuta miwani. Alikuwa na jambo moyoni ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Vuli iliyopita, kwenye njia ya kurudi kutoka sokoni, Krijn alimwekea mkono kama kawaida, na ule mkono ulikuwa umebadilika. Ulitetemeka. Ulikuwa mzito, haumsukumi tena, unamwegemea, ukamyumbisha hadi nusura umtumbukize ndani ya mfereji. Tangu siku hiyo kila upepo ukitoka mbele alizusha sababu ya kubaki nyumbani. Sasa utamwambiaje mwanamume kwamba mkono aliokusukuma nao umri mzima umekuwa mzigo? Huwezi. Ukimwambia hivyo umemzika. Kwa hiyo alisema ni kwa ajili ya magoti yake Krijn, akaishikilia hiyo hiyo.

Jumapili Tanneke akaja kutoka Middelburg na kofia ngumu mbili za baiskeli, bado zina karatasi za dukani. Tanneke alikuwa na roho ya mamake na mdomo wa babake.

"Mama, umerogwa? Mtu hawezi kufika chooni, unampeleka juu ya tuta la bahari?"

"Juu ya baiskeli ni mzima kukushinda."

"Angalau avae hii. Baba, vaa."

Krijn akaitazama ile kofia. "Mimi Mjerumani?"

Tanneke akacheka bila kupenda. Kila kiangazi Wajerumani wanajaa fukweni kwetu, na utawajua kwa mbali kwa hizo kofia. Mtu wa kwetu akionekana nazo atatajwa mpaka kwenye mazishi yake.

"Baba, mimi sina utani."

"Hata mimi sina." Krijn akamgeukia mkewe, akasema kwa shida, neno kwa neno. "Nitavaa hilo bakuli. Tuanzie Ouddorp, turudi nyumbani, upepo mbele. Nikiwa kazini, navaa. Nikipeperushwa kama mfuko wa plastiki, sivai."

"Mama, kubali basi!" Tanneke akadakia. "Kaskazini, kusini, ina tofauti gani? Mradi kichwa kimefunikwa."

Leuntje aliuhisi tena ule mkono mzito mgongoni, na maji ya mfereji chini.

"Hapana," akasema. "Tunakwenda na upepo. Nimeshapanga."

Zile kofia zikatundikwa kwenye msumari wa makoti, moja juu ya nyingine, na pale zikabaki.

Na kweli alipanga. Msidhani mama yule alikuwa mzembe. Mwezi wa Aprili alikwenda peke yake njia nzima, na chupa ya kahawa kwenye keria, akitafuta mahali pa kumpokelea mumewe. Kila kituo sharti kiwe na kitu cha kuinulia mguu. Penye ngazi za kibanda cha chipsi akashuka akapima kimo kwa goti lake. Penye benchi akakaa akaona kama linayumba. Kwenye tuta la mwisho, lile la Brouwers, akachagua kijiukuta kando ya kibanda cha vinywaji, hatua chache kabla ya kigingi. Kigingi chenyewe ni kile kifupi cha rangi nyekundu na nyeupe wanachokisimika katikati ya njia za baiskeli ili magari yasiingie. Viko kila mahali, hata hatuvioni tena. Leuntje alikiona. Akasema moyoni, nitamdakia hapa, kabla ya kile. Akakumbuka kila kitu. Lakini siku zile za Aprili bahari ilikuwa imelala, bendera zinaning'inia, na hakumbuki kama aliwahi hata kushika kofia yake ya sufu isipeperuke. Mwanadamu hupanga.

Juni ikafika. Siku ya kwanza ilikuwa asali. Upepo ulikuwa mdogo, kondoo wamejaa kwenye miteremko, na juu ya tuta la Westkapelle Krijn akaelekeza kidevu kwenye mawe meusi yaliyolala pale chini.

"Yale yangu."

"Yote?"

"Yaliyonyooka."

Wakala chipsi na samaki, mke akimpangusia mume mayonezi kidevuni bila kuficha. Domburg walilala kwa mama mmoja anayepokea wapanda baiskeli nyumbani kwake. Leuntje alipomvua viatu, Krijn alimgusa kichwa, akamwambia, "Umefanya vizuri, bibi wee." Loo, jinsi alivyofurahi! Alijiona ameshinda. Alijisemea kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na kwamba mwanamume huyu ataingia kwenye ile nyumba akiwa na kitu cha kukumbuka.

Asubuhi bendera zilikuwa zimenyooka kama mbao.

"Upepo wa mgongoni!" akasema mwenyeji wao akimimina kahawa. "Mna bahati nyie."

Kila waliyekutana naye aliwapongeza hivyo hivyo. Wale waliotoka upande wa pili walikuwa wameinamia usukani, macho yanatoka machozi, wakiwaonea wivu. Kwenye daraja la milango ya bahari, ile inayofungwa maji yakichafuka, hawakuhitaji kukanyaga pedeli. Krijn alikuwa anapiga kelele. Sauti ile iliyokuwa haisikiki jikoni, huko ilisikika. Alikuwa anapiga kelele za furaha kama mvulana, na Leuntje alicheka mpaka akalia.

Kituo cha kwanza baada ya daraja alimdaka, lakini kwa taabu. Gurudumu lilimgonga kwenye muundi, damu ikachuruzika ndani ya soksi.

"Tuishie hapa leo," akasema. "Nimpigie Tanneke."

"Hapana."

"Krijn, unakuja kwa kasi mno. Nitakushindwa."

Krijn alikuwa ameegemea benchi, anahema, macho yanawaka. "Nani aliutaka upepo huu? Mimi?" Kisha akalainika. "Leuntje, nipo hai. Usinizime mapema. Tumalize tuta."

Atamkatalia vipi? Septemba iko palepale, inasubiri. Akamfuta jasho, akampa pipi ya mnanaa, akampandisha.

Tuta la Brouwers limenyooka. Kulia maji, kushoto maji, na upepo ulikuwa umepata nafasi. Leuntje alikanyaga kwa nguvu zake zote ili amtangulie vya kutosha, lakini kila akigeuka anamwona yuko karibu kuliko alivyotaka. Krijn alikuwa na mgongo mpana, na upepo ulikuwa umepata pa kushika. Leuntje akakiona kibanda cha vinywaji, akakiona kijiukuta, akabana breki, akaruka chini vibaya, baiskeli ikamwangukia. Alipoichomoa miguu, akageuka, akapanua mikono, Krijn alikuwa ameshafika.

Baiskeli yake ilikuwa ya kizamani, ile inayofunga breki kwa kukanyaga kinyumenyume. Miguu ilikuwa imesimama. Imeganda juu ya pedeli vilevile kama pale kizingitini. Wala hakuonekana mwenye hofu. Alikuwa ameutoa mkono wa kulia kwenye usukani, ameunyoosha mbele, kiganja wazi, vidole vimeachana, kwa kimo kilekile cha mgongo wa mkewe. Mpaka leo Leuntje hajui. Alikuwa anaomba kushikwa, au alikuwa anakwenda kazini kwake?

Na Leuntje alisogea.

Hakuwaza. Mbele yake kuna mwanamume mzito juu ya chuma, anakuja kwa mwendo wa pikipiki, na miguu yake Leuntje, miguu mizima, isiyoganda, ikampeleka pembeni. Hatua moja tu. Mkono ukapita mbele ya kifua chake, karibu hivi, akaona kucha alizomkata yeye mwenyewe asubuhi. Kisha akasikia kigingi.

Watu walitoka kibandani wakakimbia. Kila mmoja alisema ni upepo. Askari aliandika ni upepo. Daktari hospitalini alimwambia Tanneke kwamba kichwa kimeumia mno, na angekuwa amevaa kofia mambo yangekuwa mengine, kisha akamwona mama mtu amekaa pale, akageukia karatasi zake. Krijn hakuzinduka. Walikaa naye siku chache, Leuntje ameushika ule mkono wa kulia, ambao sasa ulikuwa umeacha kutetemeka kabisa. Akafa mchana, wakati wahudumu wanagawa supu.

Mazishini watu walikunywa kahawa, wakala keki, wakamwambia Leuntje kwamba mumewe alikufa kifo kizuri, juu ya baiskeli, upepo mgongoni. Walisema kwa nia njema. Leuntje alishukuru kila mmoja. Alikuwa anangoja mtu mmoja tu amuulize, "Wewe ulikuwa umesimama wapi?" Hakuna aliyemuuliza.

Baiskeli ya Leuntje ilikuwa bado imefungwa kule kibandani. Tanneke alitaka kuifuata na gari.

"Nitairudisha mwenyewe," Leuntje akasema. "Kwa kuendesha."

"Mama, huo ni upepo wa mbele mpaka nyumbani."

"Najua uelekeo wa upepo."

Tanneke alipoona habembelezeki, akapakia baiskeli yake mwenyewe garini, wakaenda pamoja, gari wakaliacha ng'ambo ya kigingi. Leuntje alipita kando ya kigingi bila kukitazama, akaifungua baiskeli yake kibandani. Tuta zima upepo ulimpiga usoni, pumzi inakatika, magoti yanalia. Mbele ya daraja la milango ya bahari alikaribia kusimama kabisa. Hapo ndipo alipokihisi kiganja mgongoni, chini kidogo ya mabega, pale pale. Tanneke alifundishwa na babake.

Mwili wa Leuntje uliuegemea ule mkono kabla yeye mwenyewe hajajua. Halafu akajua.

"Toa mkono, mwanangu."

"Umechoka, Mama. Baba angefanya hivi hivi."

"Ndiyo maana nakwambia utoe."

Mkono ukaondoka. Wakaenda kidogo, na baridi ikarudi kukaa pale ulipokuwa.

"Nilimpisha," Leuntje akasema.

"Nini? Sikusikii, upepo!"

"Baba yako!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na machozi yanakwenda nyuma masikioni. "Alikuja kwangu ameunyoosha mkono, nami nikampisha! Nilisogea, Tanneke! Nilisogea nikamwachia kigingi! Na mkono wake niliukataa tangu vuli, kofia angevaa, mimi ndiye niliyekataa!"

Tanneke alimsikia. Leuntje alimwona amesikia, maana uso ulimkakamaa kama wa babake. Alingoja aambiwe kwamba si kosa lake, kwamba mtu yeyote angesogea. Alishayaandaa mpaka majibu yake.

Tanneke alikaza macho njiani. Aliendesha ubavuni mwa mamake, mikono yote miwili kwenye usukani, hivyo hivyo mpaka Zoutelande.